Mabano

Kazi yangu ni vidole.
Jumanne, saa tatu na nusu, Mbale,
ukumbi unanuka rangi na zulia lililoloa;
nimeketi chini ya Spika, vipokea sauti masikioni,
nanasa neno kabla halijapoa.

Mheshimiwa Vugutsa anasimama.
Miwani kaipandisha kwenye paji, karatasi haitazami.
"Bwana Spika, swali namba kumi na saba.
Waziri wa Maji alieleze Bunge hili
pampu ya Ibwali ilinunuliwa lini,
kwa shilingi ngapi, kwa nani,
na kama inapiga maji
au inapigwa picha tu."
(Kicheko.)

Ndivyo sheria ya hansadi inavyotaka:
kicheko kiingie kwenye mabano,
makofi pia, na stima ikipotea.
Aliyecheka hatajwi.

Waziri Luvembe anafunga kifungo cha koti.
Anasoma kama anayetangaza harusi ya watu baki:
"Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na sita.
Milioni kumi na nne, laki mbili na ushei.
Wananchi wanafurahia huduma."

Wananchi.
Mmoja wao namjua, ndiye aliyenizaa.
Leo alfajiri nilimwacha kwenye mteremko wa Ibwali,
mtungi kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba,
akikanyaga kisigino, kisha kidole, kisha kisigino,
maana jiwe la pale likiloa halina undugu.
Pampu ipo. Sitasema haipo.
Imevishwa turubai,
na kuku wa kina Kisia ameatamia mayai tisa kando ya mota.
Ile asilimia nne iliyobaki, nadhani,
ndiyo maji.

Lakini mimi ni vidole.

"Swali la nyongeza, Bwana Spika.
Waziri amewahi kuyanywa?"
"Nitawasilisha jibu kwa maandishi."
"Hoja ya nidhamu!" Huyo ni Asiligwa, wa viti vya nyuma,
anayesinzia mpaka posho itajwe:
"Ni haki kweli kumhoji mtu kabla ya chai?"
(Kicheko.)
Mlangoni vikombe vinagongana kwenye sinia.

Vugutsa haketi.
Anainama, anafungua mkoba,
anatoa chupa ya soda isiyo na soda,
anaitua mezani taratibu, kama mtoto aliyelala.
Maji rangi ya chai ya mkopo.
"Hiyo si hati ya Bunge," Spika anasema. "Iondolewe."
Hakuna anayeinuka.

Hapo ndipo nilipoona kizibo:
kigunzi cha mahindi
kilichoviringishwa kitambaa cha kijani, mistari myeupe,
pindo la sare yangu ya darasa la sita.
Nikaacha kupiga chapa.
Mama hakuniambia.
Tulikunywa uji pamoja, akaniuliza kama viatu vinabana,
chupa hakuigusia.

Waziri anaitazama. Nami namtazama akiitazama.
Mashine inahesabu sekunde, mimi sihesabu.
Chupa haina sauti, haiandikiki.
Hata hivyo nikafungua mabano:
(Kimya. Sekunde kumi na moja.)
Miaka sita kazini, sijawahi kuliandika neno hilo.
Bwana Kegode mhariri atalikata kwa wino mwekundu,
ataniuliza, "Nani alikisema hicho kimya?"
Bado natafuta jibu.

Kisha chai.
Kisha mswada wa leseni za bodaboda.

Jioni mfagiaji, Ezina, akaikuta chupa palepale.
Akanionyesha bomba la ukumbi, kavu tangu Ijumaa.
"Haya si ya kunywa?"
Si ya kunywa, nikamwambia.
Akalowesha tambara, akafuta meza ya Waziri mara mbili;
ikabaki michirizi ya udongo wa kwetu, mwekundu,
na yeye akasonya, akaenda kutafuta mengine.

Kizibo nilikitia mfukoni.
Kesho mama atakihitaji.